Ndewe na Kidonda: Historia ya Utunzaji wa Sikio Lililotogwa, kutoka Pwani hadi Mtera

1.0 Utangulizi

Methali ya Waswahili yasema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsema mtu asiyeonyeka. Hata hivyo, maneno yake yanataja jambo la kawaida nyumbani: sikio huugua, hutiwa dawa, na mara nyingi hupona. Maandishi mengi kuhusu mapambo ya masikio katika Afrika Mashariki yanahusu pambo lenyewe: ukubwa wake, madini yake na cheo cha mvaaji. Kuhusu majuma yaliyo baina ya kutogwa kwa sikio na kuvaliwa kwa pambo, yaliyoandikwa ni machache mno. Hoja ya mada hii ni kwamba majuma hayo ndiyo kiini cha historia hiyo, na kwamba msamiati wa Kiswahili ni shahidi asiyepaswa kupuuzwa.

2.0 Ushahidi wa Msamiati

Kiswahili hutenganisha kutoboa na kutoga. Hutobolewa gunia, ukuta, hata mtumbwi, sikio hutogwa. Aidha, tundu litokanalo na kutoga lina jina lake, yaani ndewe, na vivaliwa vyake vina majina yake: jasi, kipuli, herini. Jambo hili si dogo. Tundu la gunia ni kasoro inayotakiwa kushonwa, ilhali ndewe huhesabiwa kuwa sehemu ya sikio.

Inafaa kukumbuka pia kwamba neno sikio lenyewe limetokana na kitenzi sikia. Lugha nyingine za Kibantu zimebaki na shina kongwe, kama vile okutu katika Kiganda na ugutwi katika Kinyarwanda. Waswahili, basi, waliipa ogani hiyo jina la kazi yake ya kusikia, kisha wakaipa sehemu yake ya pambo jina la peke yake. Baina ya kutoga, ambacho ni kitendo cha dakika moja, na ndewe, ambayo ni hali ya kudumu, pana kipindi cha kidonda. Tundu bichi ni jeraha. Ngozi ikishaota ndani yake pande zote, ndipo panapopatikana ndewe ya kuvalia.

3.0 Pwani: Uzi Kabla ya Dhahabu

Kipindi hicho kimetajwa bayana katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kitabu chake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza kwamba mtoto wa kike alitogwa siku ya saba baada ya kuzaliwa, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, na kwa kawaida kila sikio lilipata matundu sita. Pete nzito za dhahabu zilingoja takriban miezi miwili.

Msomaji wa haraka huiona dhahabu tu. Mwenye kuichunguza habari hii ataona kwamba uzi ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Ni mwepesi, hauvuti nyama, na huzuia tundu lisizibe wakati ngozi inapoota. Isitoshe, miezi miwili hiyo inakaribiana sana na ushauri wa wauguzi wa leo, wanaotaka ncha laini ya sikio isubiri majuma sita hadi manane kabla ya kubadilishiwa pambo. Gegedu la juu ya sikio, lenye damu haba, huhitaji miezi mingi zaidi, pengine mwaka mzima. Katika nyumba zisizo na hariri wala dhahabu, uzi wa kawaida au njiti ya ufagio ilifanya kazi ileile, na hadi leo watu wazima wengi wanaikumbuka njiti hiyo.

4.0 Ugogo: Sikio Lililosomwa Vibaya

Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita Ugogo. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Nchi ilikuwa kavu, maji yalikuwa haba, na watemi walidai hongo. Wageni walioandika wakiwa na kiu na kinyongo hawakuwa na jicho la upole. Walieleza kwa kejeli ndewe za Wagogo zilizotanuliwa hadi zikachukua vijibuyu vya ugoro, vipande vya miti na nyaya za shaba.

Maelezo hayo yanaweza kusomwa upya. Ndewe haitanuliwi kwa siku moja. Ikilazimishwa ingali mbichi, huchanika. Ikitunga usaha, hovimba, na pambo likiondolewa huweza kuziba. Kwa hiyo kila sikio lililobeba kijibuyu mbele ya Stanley lilikuwa ushahidi wa jeraha lililopona vizuri, na la utanuzi uliofanywa hatua kwa hatua na watu waliojua kungoja. Wasafiri waliona matokeo. Hawakukaa muda wa kutosha kuuona uuguzi.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1954, Mathias Mnyampala, Mgogo na mshairi mashuhuri wa Kiswahili, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Umuhimu wa kitabu hicho kwa mada hii ni kwamba Ugogo ulielezwa kwa Kiswahili na mwenyeji wake, ambaye hakuwa na haja ya kuushangaa mwili wa jirani yake.

5.0 Mtera na Wakati wa Sasa

Mtera iko kusini mwa njia ile ya misafara, ukingoni mwa Ugogo, penye Mto Ruaha Mkuu. Bwawa lilijengwa hapo katika miaka ya 1970, na kituo cha umeme cha megawati 80 kikaanza kazi mwaka 1988. Mahali palipojulikana kwa ukame pakawa na ziwa, wavuvi na wafugaji wa makabila mbalimbali. Siku hizi sikio hutobolewa dukani au gulioni kwa muda mfupi, na mteja huondoka na herini yake. Hata kitenzi kimebadilika: vijana wengi husema kutoboa, si kutoga. Kilichopotea pamoja na kitenzi ni mlezi wa kidonda, yaani bibi au shangazi aliyelitazama sikio kila asubuhi.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu ya kale yote. Sindano moja iliyotumika kwa watoto wengi iliweza kupitisha homa ya ini, na katika miongo ya karibuni virusi vya UKIMWI. Jeraha chafu liliweza kuleta pepopunda. Desturi ya kuuzungusha uzi au herini kila siku nayo haishauriwi tena, kwa kuwa huchubua ngozi changa. Ushauri wa leo ni mwepesi: mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa sikio, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi takriban gramu 9 kwa lita, herini isiondolewe mapema. Kwa mkazi wa Mtera pana nyongeza mbili: vumbi lifutwe, na sikio bichi lisizamishwe bwawani. Likivimba, likiwa la moto au likitoa usaha, liangaliwe zahanati.

6.0 Hitimisho

Ndewe ni jina la kidonda kilichotunzwa hadi kikapona. Ndiyo maana kupotea kwa kitenzi kutoga si suala la kamusi peke yake. Wanafunzi wa isimu wanaokwenda Ugogo kukusanya msamiati wa mapambo wanapaswa kuwauliza wazee pia majina ya dawa, ya njiti na ya siku za kungoja, katika Kigogo na katika Kiswahili. Majina ya mapambo yenyewe yanaweza kupatikana makumbusho. Hayo mengine yamo vinywani mwa wazee, na wazee hao wanapungua.