Kabla ya Jukwaa la TANU, Uwanja wa Ngoma

Kila Saba Saba, habari za kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 husimuliwa kwa majina yale yale: Nyerere, ndugu wa Sykes, Rupia na wenzao. Kinachorukwa ni namna chama kilivyowafikia watu wasiosoma magazeti wala kukaa vikaoni. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ngoma, na anayeichukulia burudani kuwa ni ya kupitishia jioni tu hawezi kuielewa siasa ya Dar es Salaam ya miaka ile.

Mzizi wa ngoma hizo ni beni, ngoma iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikasambazwa Tanganyika na askari wa Vita Kuu ya Kwanza kupitia vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti. Kwa kuwa wachezaji walivaa sare na kupeana vyeo vya kizungu, wapo walioibeza kuwa ni kumwiga mtawala. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kuwa chini ya sare hizo palikuwa na chama kamili: viongozi, nidhamu, na mkono wa msaada kwa mwanachama aliye ugenini. Wakoloni nao hawakuiona mchezo. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilikitaja chama cha ngoma cha Mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, miongoni mwa waliohusika.

Ushahidi mzito zaidi ni wa 1955. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, aliuliza wanawake wako wapi. Hawakuwapo. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, aliyesoma miaka minne tu lakini akijulikana mji mzima kwa uimbaji wake katika kikundi cha Bomba. Masimulizi yake, aliyoyahifadhi mwanahistoria Susan Geiger, yanaeleza kuwa aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu kiongozi akikubali, wanawake wake wanamfuata. Hawa walikuwa wameshazoea kuchangishana, kuitana na kuzikana bila kujali kabila. Oktoba mwaka huohuo Oscar Kambona, kiongozi wa TANU, aliandika kwamba katika miezi mitatu wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga.

Atakayesema vyama vya wafanyakazi na hotuba za Nyerere zingetosha, aeleze wanawake hao wangetoka wapi. Wengi hawakuwa na ajira ya kuwaingiza kwenye chama cha wafanyakazi, na hotuba huhitaji kwanza mtu wa kuwaita watu uwanjani. Wito huo ulipita kwenye ngoma, na hilo si jambo dogo la pembeni katika historia ya uhuru.

Baada ya 1961 ngoma ilisogezwa kwenye mapokezi ya viongozi. Bibi Titi alifungwa katika kesi ya uhaini, akaachiwa 1972, akafariki mwaka 2000. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Wenzake wa Bomba, Roho Mgeni na vikundi vingine hawajapata heshima ya namna hiyo. Makumbusho ya Taifa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wawaendee watoto na wajukuu wao sasa, wakusanye picha na majina, na majina hayo yaingie katika vitabu vya shule.