Gari dogo la spoti la paa la kukunja: Jinsi ya kulinunua kuukuu na kuliboresha pole pole

WATU wanaotafuta gari dogo la spoti lenye paa la kukunja, na ambao mfuko wao hauwaruhusu kununua jipya, mara nyingi huishia kwenye gari moja: Mazda MX-5. Wamarekani huliita Miata, na nchini Japani liliuzwa kwanza kwa jina la Eunos Roadster. Lina viti viwili tu, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma, na paa lake la turubai hukunjwa kwa mkono katika muda wa sekunde chache. Kufikia Aprili 2016, Mazda ilikuwa imeunda milioni moja ya magari haya, idadi ambayo haijafikiwa na gari lingine lolote la spoti la aina hiyo lililo wazi na lenye viti viwili.

Wingi huo ndio ulioyafanya magari kuukuu ya MX-5 kuwa ya bei nafuu kwa miaka mingi, na vipuri vyake kupatikana kwa urahisi katika nchi kama Marekani, Uingereza na Japani. Lakini unafuu huo umewaponza wengi. Mtu hulinunua kwa pesa kidogo, akaanza kulifungia vifaa kabla ya kujua lina ugonjwa gani, na baada ya miaka miwili akajikuta na gari lisilokwenda, lisilouzika, na ambalo limemla pesa nyingi kuliko alizolinunulia.

Ili kuelewa ni kwa nini mabadiliko ya pupa huliharibu gari hili, ni lazima kwanza kujua liliundwa kwa nia gani. Mnamo 1979, mwanahabari wa magari kutoka Marekani, Bob Hall, alimweleza Kenichi Yamamoto, aliyekuwa akiongoza utafiti katika kampuni ya Mazda, kwamba ulimwengu ulihitaji tena magari mepesi ya wazi kama yale ya Uingereza. Wakati huo magari hayo yalikuwa yakitoweka: uundaji wa MG B na Triumph Spitfire ulikoma mwaka uliofuata. Hall mwenyewe aliajiriwa na Mazda mnamo 1981. Baadaye, mnamo 1984, makundi ya wabunifu wa kampuni hiyo kutoka California na Japani yalishindanishwa, na kundi la California likashinda kwa mpango wake wa injini ya mbele na nguvu za kupelekwa magurudumu ya nyuma.

Msimamizi wa mradi, Toshihiko Hirai, aliwaongoza wahandisi wake kwa usemi wa Kijapani, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Gari lilipozinduliwa katika maonyesho ya Chicago mnamo Februari 1989, kwa bei ya dola 13,800, lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 1,000 na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115 tu. Nguvu hizo hazikumstaajabisha yeyote. Kilichostaajabisha ni jinsi uzito ulivyogawanywa karibu sawa kati ya mbele na nyuma, jinsi usukani ulivyomweleza dereva hali ya barabara, na jinsi gari lilivyotii.

Kizazi hicho cha kwanza, ambacho hutambulika kwa taa za mbele zinazoinuka na kujificha, kiliundwa hadi 1997. Cha pili, chenye taa za kawaida, kilidumu kutoka 1998 hadi 2005, cha tatu kikaendelea hadi 2015, na cha nne kikafuata mwaka huo huo. Wanaopenda kubadilisha magari wamependelea zaidi vizazi viwili vya mwanzo kwa sababu ni vyepesi, ni rahisi kufunguliwa, na havina kompyuta nyingi.

KUTU KWANZA, INJINI BAADAYE

Mnunuzi mgeni hufungua boneti kabla ya jambo lingine lolote. Mzoefu hupiga magoti. Adui mkubwa wa gari hili ni kutu, na kutu yenyewe huanzia mahali ambapo wengi hawadhanii: kwenye paa. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye turubai hupitia matundu mawili madogo yaliyo nyuma ya viti, moja kila upande, ili yatoke chini ya gari. Majani na vumbi vikiyaziba matundu hayo, maji hubaki ndani ya chuma kilicho chini ya milango na kukila kimyakimya. Dalili huonekana mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, rangi inapoanza kufura kama upele.

Wauzaji wasio waaminifu huficha uozo huo kwa kuujaza mchanganyiko wa plastiki na kupaka rangi juu yake. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa huwaumbua, kwa kuwa hainasi pasipo na chuma. Chini ya sakafu nako kuna vyuma viwili virefu ambavyo mara nyingi huwa vimepondwa na jeki zilizowekwa pasipostahili. Katika magari ya kizazi cha pili, vyuma vya mbele vinavyobeba injini huoza kwa ndani, na gari lenye maradhi hayo halifai kununuliwa na mtu asiye na fundi hodari wa kuchomelea.

Injini, kwa upande wake, ni ngumu. Hata ukanda unaoendesha vali ukikatika katika gari la kizazi cha kwanza, injini huzimika tu bila vali kugongana na pistoni. Hiyo si sababu ya kuupuuza, kwani ukanda huo unafaa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na asiyeonyeshwa stakabadhi achukulie kwamba haujabadilishwa. Kuna kasoro moja ya kuogopwa: injini za lita 1.6 zilizoundwa hadi katika mwaka wa 1991 zina krankishafti yenye ncha fupi, na bolti kubwa ya mbele isipokazwa ipasavyo baada ya kazi ya ukanda, ncha hiyo hulika hadi injini ikapoteza mpangilio wake. Puli ya mbele inayoyumba injini inapozunguka ni ishara ya kumfanya mnunuzi arudi nyumbani na pesa zake.

Mambo mengine ni madogo lakini hufichua tabia ya mwenye gari. Betri hukaa kwenye buti na inapaswa kuwa ya aina iliyofungwa, yenye mirija ya kutoa hewa nje. Aliyeweka betri ya kawaida ili kuokoa pesa atakuwa ameacha mvuke wa asidi ule sakafu ya buti. Dirisha la nyuma la plastiki linapaswa kufunguliwa zipu kabla ya paa kukunjwa, na lililojaa nyufa huonyesha kwamba hakuna aliyejali. Nayo mita ya shinikizo la oili isimdanganye mtu. Katika magari yaliyotoka kuanzia 1995, mshale wake hupanda na kusimama mahali pamoja kwa sababu kinachousukuma ni swichi tu, wala si kipimo cha kweli.

Gari ambalo tayari limebadilishwa na mtu mwingine linahitaji tahadhari zaidi. Nyaya zilizounganishwa kwa utepe, springi zilizokatwa kwa msumeno ili gari liinamie chini, au bomba la moshi linalonguruma kupita kiasi ni ushahidi kwamba kazi ilifanywa kwa haraka, na aliyeharakisha panapoonekana hakosi kuharakisha pasipoonekana. Cha rahisi hapa huwa ghali kweli kweli.

MPANGILIO WA KAZI

Baada ya kununua, mwaka wa kwanza haufai kuwa wa mapambo. Oili zote hubadilishwa, pamoja na za giaboksi na difu. Ukanda na pampu ya maji hufuata, kisha mipira ya maji, plagi, nyaya zake, na silinda ndogo ya klachi ambayo huvuja karibu katika kila gari la umri huo. Rejeta ya asili ina sehemu ya juu ya plastiki. Ikigeuka rangi kutoka nyeusi hadi kahawia, i karibu kupasuka. Hakuna atakayemsifu mtu kwa kazi hizi, ila ndizo zinazotenganisha gari la kuendeshwa na gari la kusukumwa.

Badiliko la kwanza la kweli ni matairi. Gari la kizazi cha kwanza lilitoka kiwandani na matairi ya saizi 185/60 ya inchi 14, na wengi hukimbilia rimu kubwa za inchi 17 kwa sababu ya sura. Rimu hizo ni nzito, na uzito unaozunguka ndio unaoumiza gari jepesi zaidi. Matairi mema kwenye rimu nyepesi, pamoja na kunyooshwa kwa magurudumu kwa vipimo sahihi, hubadilisha gari kuliko kifaa chochote cha injini. Kisha huja bushi za mpira, ambazo huwa zimekauka, na shokomzoba mpya zenye springi zinazolingana nazo. Anayetaka gari liwe chini akumbuke matuta ya barabarani. Gari likishushwa mno, shokomzoba hugonga mwisho wake na utulivu wote ukatoweka.

Ni hapo tu ndipo suala la nguvu hupaswa kuzungumzwa, na ndilo suala ambalo limeangamiza bajeti nyingi. Kuongeza turbo kwenye injini ya lita 1.6 kunaweza kuipandisha hadi karibu nguvu 200 za farasi. Lakini nguvu hizo hazisimami peke yake. Klachi ya asili huanza kuteleza. Difu ndogo ya magari ya lita 1.6 huvunjika, na mwenye gari hulazimika kutafuta ile kubwa zaidi ya magari ya lita 1.8. Vifaa vya kupulizia petroli havitoshelezi tena, na kompyuta ya injini huhitaji kubadilishwa au kupangwa upya. Joto nalo huzua lake: injini hii inatoka katika ukoo uliotumika kwenye Mazda 323, ambamo ililala kwa upana, na ilipogeuzwa ili ikae kwa urefu, njia ya maji ilihamishiwa mbele. Hivyo silinda ya nyuma kabisa hupozwa vibaya kuliko wenzake. Katika gari la kawaida tofauti hiyo haisumbui. Penye turbo, mafundi hulazimika kuyapitisha maji upya.

Kwa maneno mengine, anayenunua turbo huwa amenunua pia klachi, difu, rejeta na breki, hata kama bado hajajua.

USALAMA WA DEREVA

Gari lisilo na paa la chuma halina cha kuwakinga waliomo linapopinduka, isipokuwa fremu ya kioo cha mbele. Kwa sababu hiyo, wamiliki wanaoliendesha kwa kasi katika viwanja vya mashindano hufunga tao la chuma nyuma ya viti. Kipimo chao ni rahisi: ufito hulazwa kutoka juu ya tao hadi juu ya kioo cha mbele, na kichwa cha dereva aliyeketi kinapaswa kubaki chini yake. Madereva warefu wasiotosha hupunguza sifongo ya kiti ili washuke. Tao hilo nalo lina hatari yake, kwani kichwa kisicho na helmeti kinaweza kuligonga hata katika ajali ndogo, na ndiyo maana hufunikwa kwa povu gumu.

Jambo ambalo huwapita wengi ni usukani. Mtu huona usukani mdogo wa ngozi unapendeza, akaufunga mahali pa ule wenye mfuko wa hewa, na kwa hivyo akaondoa kinga aliyokuwa nayo kwa ajili ya sura. Aidha, kampuni ya bima isiyoarifiwa kuhusu mabadiliko inaweza kukataa kulipa fidia ajali inapotokea, na hilo hugunduliwa siku ambayo pesa zinahitajika zaidi.

Sehemu za awali zinazoondolewa hazifai kutupwa. Magari ya kizazi cha kwanza yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani yamezidi kutafutwa, kiasi kwamba mnamo 2017 Mazda yenyewe ilitangaza nchini Japani huduma ya kuyakarabati na kuanza tena kutengeneza baadhi ya vipuri vyake, yakiwemo paa la turubai na matairi ya saizi ile ya awali. Sanduku la springi, usukani na rimu za asili likiwekwa pembeni ya gereji, gari huweza kurejeshwa lilivyokuwa.

Nchini Kenya, ambako kanuni za uagizaji haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane, vizazi vitatu vya kwanza haviwezi tena kuletwa kutoka Japani kwa njia ya kawaida. Anayevitaka hana budi kutafuta miongoni mwa machache yaliyokwisha kusajiliwa humu nchini, au achague kizazi cha nne, ambacho ni ghali zaidi. Faida aliyo nayo ni kwamba gari la Japani lina usukani upande wa kulia, na fundi aliyezoea injini za Mazda 323 hatapotea akifungua boneti ya kizazi cha kwanza. Atakachokosa ni turubai, vioo na sehemu za bodi, ambazo itabidi ziagizwe kutoka ng'ambo, na ni vyema bei yake iulizwe kabla ya mkataba wa kununua kutiwa sahihi.