Kwa nini Black Mamba haina gia?

Leo tuache programu kando kidogo tuongee baiskeli. Msinikimbie. Mkifika mwisho mtaona ni hadithi ile ile ya kompyuta, ila imepakwa oili.

Black Mamba kila mtu wa Uasin Gishu anaijua. Ni nyeusi, ina fremu ya chuma, keria pana nyuma na breki za fito, na uzito wake ni kama kilo 20. Muundo wake ulitoka Uingereza, hasa kwa kampuni ya Raleigh ya mji wa Nottingham, ambayo iliuza baiskeli za aina hii katika makoloni mengi. Baadaye viwanda vya India kama Hero na vya China kama Phoenix vikaunda za kwao kwa ramani hiyo hiyo. Huko Moiben, kaskazini mashariki mwa Eldoret, baiskeli hii imebeba maziwa, magunia ya mahindi, kuni na watu. Na ina gia moja tu.

Sasa sikieni ajabu. Raleigh hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na siri ya gia tatu tangu mwaka 1902! Bosi wake, Frank Bowden, ndiye aliyeanzisha biashara ya Sturmey-Archer, iliyotengeneza habu (kile kitovu cha gurudumu la nyuma) yenye gia ndani. Majina yanayosifiwa ni Henry Sturmey na James Archer. Lakini mwanahistoria wa baiskeli Tony Hadland ameonyesha kwamba mchango mkubwa ulikuwa wa William Reilly, ambaye jina lake halikuweza kuandikwa kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba wa habu yake ya awali. Mnaoandika programu kwa mikataba, mnamjua huyu ndugu yetu.

Ndani ya habu kuna nini? Chukua mfano wa AW, habu ya gia tatu iliyotoka miaka ya 1930 na kuuzwa kwa wingi kuliko nyingine. Katikati kuna gia ndogo ya meno 20 iliyokaza kwenye ekseli, haizunguki. Hiyo iite jua. Kandokando yake kuna gia 4 ndogo zinazolizunguka, hizo ni sayari. Nje ya zote kuna pete yenye meno 60 upande wa ndani. Mnyororo ukizungusha pete na sayari zikazungusha gurudumu, unapata 60 kwa 80, yaani robo tatu ya mwendo: gia ya kupandia mlima. Ukigeuza, mnyororo ukazungusha sayari na pete ikazungusha gurudumu, unapata 80 kwa 60: gia ya kuteremkia. Gia ya kati inapita moja kwa moja, na hakuna meno yanayosukumana. Hapo habu inafanya kazi karibu sawa na Black Mamba ya kawaida.

Kwa hiyo msuguano unaolalamikiwa uko kwenye gia ya kwanza na ya tatu. Kila mahali meno yanaposukumana, nguvu kidogo hugeuka joto. Mwaka 2001 Chester Kyle na Frank Berto walichapisha vipimo vyao katika jarida la Human Power. Walikuta kwamba kwa jumla gia za ndani ya habu zina ufanisi pungufu kwa takriban asilimia 2 kuliko zile za nje ambazo mnyororo huruka kutoka gia hadi gia. Walikuta pia kwamba ukikanyaga kwa nguvu zaidi, ufanisi unapanda, kwa sababu sehemu ya msuguano ni ile ile uwe na mzigo au usiwe nao.

Haya, tupige hesabu ya Moiben. Tuseme jamaa ana kilo 65, baiskeli kilo 20, na maziwa pamoja na mitungi kilo 45. Jumla ni kilo 130. Mwinuko ni mita 4 kwa kila mita 100, na barabara ni ya udongo. Mlima unamvuta nyuma kwa kilo 5.2. Udongo, nikikadiria asilimia 2 ya uzito, unaongeza kilo 2.6. Akienda kilomita 8 kwa saa anahitaji wati 170 kwenye gurudumu: 113 za mlima na 57 za udongo. Habu ya gia tatu ikila asilimia 4 ya nguvu zake, hizo ni wati 7.

Wati 7! Mwaka 1967 Gene Amdahl aliwakumbusha watu wa kompyuta kwamba ukiharakisha sehemu ndogo ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi sehemu hiyo. Hapa ni vivyo hivyo. Ukiondoa msuguano wote wa habu, umeokoa wati 7. Ukisawazisha barabara hadi ukinzani wake upungue nusu, umeokoa 28.

Sasa tazama miguu. Kwa meno 48 mbele na 20 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli mita 5.3 hivi. Ili apande mwinuko ule kwa gia moja, jamaa wetu lazima akanyage kwa wastani wa kilo 39. Kwa kuwa mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima, kileleni inafika kama kilo 60. Yeye mwenyewe ana 65! Ndiyo maana anashuka na kusukuma kwa mkono. Kwa gia ya kwanza ya AW, hata baada ya habu kula asilimia 4 yake, kilele kinashuka hadi kilo 47. Anapoteza wati 7, lakini anabaki juu ya tandiko.

Basi kwa nini gia haikushika? Kwa maoni yangu jibu haliko kwenye maabara, liko chini ya mti anapokaa fundi. Habu ya gia moja ina gololi, grisi na ekseli. Fundi mwenye spana na nyundo anaifungua na kuifunga, na vipuri viko dukani. Habu ya AW ina springi ndogo, vibanzi vya kunasa meno, na waya ambao lazima ukazwe sawasawa. Waya ukilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo haishiki chochote, na mguu unadondoka. Hebu fikiria hilo ukiwa na abiria nyuma. Msuguano wa meno ulikuwa mdogo. Msuguano wa matengenezo ndio uliokuwa mkubwa, na huo hauandikwi kwenye jedwali la ufanisi.

Historia ikapita njia nyingine. Boda boda za baiskeli, zilizoanzia mpakani Busia, zilisambaa nchini. Mwaka 2008 Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na petroli ikamaliza tatizo la mlima. Sturmey-Archer yenyewe ilianguka mwaka 2000 na kununuliwa na SunRace ya Taiwan.

Lakini jua na sayari zake zinarudi. Baiskeli nyingi za umeme zina mota ndani ya habu, na ndani ya mota hiyo mna gia zile zile, mara nyingi sayari zake ni za nailoni, zinazopunguza kasi ya mota takriban mara 5. Muuzaji atakuonyesha asilimia za ufanisi, tena nzuri sana. Msikilize, halafu muulize swali moja: sayari ya nailoni ikikatika meno, fundi wa Moiben ataipata wapi nyingine, na ataifungua kwa spana gani? Akikosa jibu, jiandae kusukuma kwa mkono.