Usukani wa huku, pedali za kule: stori ya tundu la pini 15

Niseme mapema ndio tusipotezeane muda: usukani na pedali havikuzaliwa mapacha. Ile seti unayoona dukani, boksi moja, nembo moja, usukani juu na pedali chini, ni uamuzi wa watu wa mauzo. Kompyuta yako haijali, na haijawahi kujali tangu 1981. Hiyo ndiyo stori nataka kuwapigia leo, kwa sababu nimechoka kuona wasee wa hapa Nairobi wakikaa miaka miwili wakitafuta doo ya seti nzima, na nusu ya hiyo seti iko mezani kwa mtu anayeuza vitu vya mtumba, imekosa mnunuzi kwa sababu "haina pedali zake".

Zake ni zipi? Hapo ndipo historia inaingia.

1981, IBM wanatoa PC yao ya kwanza. Kati ya kadi ulizoweza kununua kando kulikuwa na moja ya kuchomekea joistiki, yenye tundu la pini 15. Uwezo wake ulikuwa mdogo: mihimili minne na vitufe vinne, basi. Lakini namna ilivyosoma hiyo mihimili ni ujanja ambao hadi leo nauheshimu. Ndani ya joistiki kulikuwa na potensiometa, kile kidude unachozungusha kuongeza sauti kwenye redio ya zamani. Ukikizungusha upande mmoja umeme unapita kwa urahisi, upande mwingine unapita kwa shida. Kadi inajaza chaji kwenye kapasita kupitia hiyo potensiometa, na kompyuta inahesabu imechukua muda gani kujaa. Muda mfupi, mkono wako uko huku. Muda mrefu, uko kule.

Umeona kitu? Kompyuta haikuuliza jina. Haikuuliza umetengenezwa na nani wala kama una leseni. Ilihesabu muda tu. Kwa hivyo chochote chenye potensiometa ya kiloomu 100 kilikuwa joistiki, hata kama ni kipande cha mbao chenye mhimili wa chuma katikati. Na watu walitengeneza hivyo vitu kweli. Kadi ya sauti ya Sound Blaster ya 1989 ilikuja na tundu hilohilo, na baada ya hapo likawa kitu cha kawaida kwenye kompyuta za nyumbani huko Marekani na Ulaya. Watu wakawa wanajiundia usukani kwenye gereji: plaiwudi, raba za kufungia mizigo za kurudisha usukani katikati, na potensiometa ya bei ya soda.

Mwaka huohuo wa 1989 Papyrus walitoa Indianapolis 500: The Simulation, gemu ambayo ilijaribu kufuata fizikia ya gari badala ya kukupa tu picha zinazokimbia. Wakafuata na IndyCar Racing 1993 na NASCAR Racing 1994. Huku Uingereza, Geoff Crammond alikuwa na Formula One Grand Prix. Gemu hizi ukizicheza kwa kibodi ni kama kunyoa na panga. Inawezekana, lakini utaumia. Soko la usukani likafunguka, na kampuni kama Thrustmaster, iliyoanzia Oregon kwa vifaa vya gemu za ndege, ikaanza kuuza usukani na pedali pamoja.

Sasa tatizo. Mihimili ilikuwa minne kwa tundu zima, ila gemu nyingi zilijua joistiki moja tu, yaani miwili: kushoto-kulia, na mbele-nyuma. Usukani ukachukua kushoto-kulia. Pedali mbili zikabaki na mhimili mmoja wa kugawana. Mafuta yanausukuma mbele, breki inauvuta nyuma. Ukikanyaga zote mbili kwa pamoja, zinakatana, kompyuta inaona hujakanyaga kitu. Kwa gari ya kawaida ya kwenda kazini hiyo si noma. Kwa mtu anayejaribu kushika breki kwa mguu wa kushoto huku mguu wa kulia ukishikilia mafuta kidogo, ni kifo. Grand Prix Legends ilipotoka 1998 na magari yake ya Formula One ya 1967, yasiyo na mabawa ya kuyabana chini, pedali za kugawana mhimili zilikuwa zinakunyima nusu ya udereva wenyewe.

Na kuna masalio ya hiyo enzi ambayo pengine umeyaona bila kujua. Fungua programu ya Logitech, tafuta mipangilio ya pedali. Kuna chaguo la kuziunganisha ziwe mhimili mmoja. Vijana huniuliza ni ya nini. Ni ya 1981, buda. Ni kwa ajili ya gemu za zamani zinazojua joistiki moja tu. Hakikisha imezimwa, tuendelee.

1996 inakuja USB. Ndani ya USB kuna kanuni ya vifaa vya mkononi, HID, na kazi yake ni rahisi kueleza: kifaa kikichomekwa kinajitambulisha. "Mimi niko na mihimili mitatu na vitufe kumi." Kompyuta inasema karibu. Kikija kingine, nacho kinajitambulisha, nacho kinakaribishwa. Hapa ndipo kuchanganya kulipaswa kuwa rahisi kabisa: usukani kwenye tundu moja, pedali za kampuni nyingine kwenye tundu la pili, kila mtu na lake.

Haikuwa hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni gemu zenyewe. Nyingi ziliendelea kuamini kuwa dereva ana kifaa kimoja. Ukichomeka viwili, gemu inashika cha kwanza inachokiona na kingine inakipuuza, au inatuma ile nguvu ya kutikisa usukani kwa pedali, ambazo hazina mota ya kutikisa chochote. Watu waliokataa kushindwa waliandika programu za kudanganya gemu. PPJoy, na baadaye vJoy, zinaunda joistiki ya kubuni ndani ya Windows, halafu unamimina ndani yake mihimili kutoka kwa vifaa vyako halisi. Gemu inaona kifaa kimoja. Haijui ni mseto.

Sababu ya pili ni kampuni, na hapa sitakuwa mpole. Logitech G25 ilitoka 2006 na pedali tatu, klachi ikiwemo, na kila mtu akaitamani. Pedali zake hazikuingia kwenye kompyuta. Ziliingia kwenye usukani, kwa plagi ya pini tisa. Thrustmaster nao wanatumia plagi ndogo inayofanana na ya simu ya mezani. Fanatec wa Ujerumani pia wana plagi ya umbo hilo, lakini ukichomeka pedali za Fanatec kwenye usukani wa Thrustmaster hazifanyi kazi. Plagi sura moja, lugha tofauti.

Kwa haki, kuna maelezo. Usukani mwingi uliuzwa uchezewe PlayStation au Xbox pia, na konsoli zinakubali tu kifaa chenye kibali chao, kwa hivyo kila kitu lazima kipitie usukani. Sawa. Lakini mtu wa PC amerithi kifungo ambacho si chake. Analipa gharama ya konsoli ambayo hana.

Kilichofungua kifungo hicho ni bodi ndogo ya saketi. Leo Bodnar, mhandisi aliye Uingereza, alianza kuuza bodi na nyaya za kugeuza pedali kuwa kifaa cha USB kinachojitegemea. Pedali za Logitech za kizazi kile hazina akili ndani: ni potensiometa tatu na nyaya. Ziunganishe na bodi inayojua kusema HID, na papo hapo zinajitambulisha kwa kompyuta bila kumwomba usukani ruhusa. Kazi kama hiyo iliokoa vifaa vizee pia. Windows Vista ilipokuja 2007 iliacha kulihudumia lile tundu la pini 15, na usukani wa miaka ya 90 ukawa takataka usiku mmoja. Isipokuwa potensiometa zilizokuwa ndani bado zilikuwa nzima. Bodi moja, zikafufuka. Na tangu Arduino Leonardo itoke 2012, huhitaji hata kuagiza kitu maalum. Ile bodi inaweza kujifanya joistiki yenyewe, na hapa Nairobi utaipata kwa wauza vifaa vya elektroniki.

Usukani wangu mimi niliununua bila pedali. Muuzaji aliniambia zilipotea wakati wa kuhama nyumba, stori ambayo siiamini, lakini bei ilishuka karibu nusu. Pedali ninazotumia ni za kampuni nyingine. Kichuma cha kuzishikilia kwenye fremu alinichomea fundi wa jua kali huku akiniuliza hii gari iko wapi.

Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu kizuri, mimi naiweka kwa breki. Najua watu wengi huanza na usukani kwa sababu ndio unaonekana kwenye video. Lakini fikiria breki ya gari ya kweli. Ukikanyaga, inashuka kidogo halafu inakuwa ngumu, na kutoka hapo mguu wako unapima nguvu. Mwendo wa pedali wenyewe ni mdogo. Potensiometa inapima mwendo tu: pedali imeshuka kiasi gani. Vumbi ikiingia ndani, inaanza kuruka, na gari linajishikia breki lenyewe katikati ya mtaa wa moja kwa moja. Pedali bora zina lodiseli, kile kipande cha chuma kilicho ndani ya mizani ya dijitali ya jikoni. Chuma kinajipinda kidogo mno ukikibonyeza, na vihisi vilivyobandikwa juu yake vinapima nguvu ya huo mbonyezo. Mguu unakumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Ndiyo maana mtu mwenye usukani wa kizamani na breki ya lodiseli anaweza kukuacha kona ileile lapu baada ya lapu, na wewe una usukani wa bei ya pikipiki.

Kitu kinachonichekesha ni nani hasa anachanganya. Miaka kumi na kitu iliyopita, matajiri wa mchezo huu walianza kufunga usukani moja kwa moja kwenye mota za viwandani. Mradi maarufu uliitwa Open Sim Wheel: mota ya servo, kidhibiti kutoka Granite Devices ya Finland, unajiunganishia mwenyewe. Mota ya kiwandani haiji na pedali. Kwa hivyo hao jamaa walichanganya kwa lazima: mota ya huku, pedali za Heusinkveld kutoka Uholanzi, na duara la usukani kutoka duka la magari ya kweli, kwa sababu Momo na Sparco wana usukani wenye matundu sita ya bolti kwenye mduara wa milimita 70 na ukishatoboa kipande cha kati kwa kipimo hicho, unafunga wowote wa aina hiyo. Usukani wa aina hiyo ukiuona Kirinyaga Road umefunikwa vumbi, ujue unaweza kuishia kwenye fremu yako.

Yaani wa juu kabisa wanachanganya, na sisi wa chini tunachanganya. Waliofungwa kwenye boksi moja ni wa katikati. Na boksi moja lina hatari yake. 2024, Endor, kampuni iliyokuwa inamiliki Fanatec, ilifilisika, na Corsair wakainunua biashara hiyo. Fanatec iliendelea, watu wakapumua. Lakini kwa miezi kadhaa mtu aliyekuwa na usukani, pedali na gia zote zikiongea lugha ya kampuni moja alikuwa anasoma habari za mahakama ya Ujerumani kujua kama atapata vipuri. Mwenye mseto angebadilisha kipande kimoja.

Kwetu hili lina uzito zaidi kwa sababu ya rali. Kenya imekuwa ndani ya hizi gemu kitambo: Colin McRae Rally 2.0 ya 2000 ilikuwa na Kenya, WRC 9 ikaileta Safari 2020, na EA Sports WRC ya 2023 nayo iko nayo. Na Safari yenyewe ilirudi kwenye kalenda ya dunia 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kwa hivyo kuna kizazi kizima kinachoiona Naivasha halafu kinataka kuijaribu nyumbani. Rali inataka breki ya mkono. Seti nyingi za dukani hazina. Hata aliyenunua boksi moja kwa uaminifu wote, siku akitaka kugeuza gari kwenye kona ya vumbi, atachomeka breki ya mkono ya USB ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia, na kuanzia hapo yeye pia ni mchanganyaji. Karibu.

Ushauri mmoja wa kiufundi kabla hamjaenda kutafuta: kila kifaa kipe tundu lake la USB na usikihamishe, kwa sababu kuna gemu ambazo ukibadilisha tundu zinasahau mipangilio yote. Halafu kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl. Kinafunguka kidirisha kidogo cha kizee. Ukiona usukani, pedali na breki ya mkono zimejipanga pale, kila moja na jina lake, fungua moja moja, kanyaga, vuta, uone mihimili inavyosonga. Kama breki inasonga bila mafuta kusonga, uko fiti.