Kanda za sauti Lamu: Orodha, nakala tatu na majaribio ndiyo kinga

KWA miaka mingi, sauti za washairi wa Lamu zimesafiri pwani nzima kwa njia ya kaseti, kifaa kilichozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mfano mmojawapo ni Wasiya wa Mabanati, utungo wa mwaka 1974 wa Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kama Mahmoud Mau. Utungo huo wa kuwaonya wasichana ulighaniwa, ukarekodiwa, kisha ukaenea kutoka kaseti moja hadi nyingine.

Kanda za namna hiyo zinakabiliwa na hatari mbili. Kwanza, zenyewe huchakaa; pili, mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika.

Ndani ya kaseti mna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikizwa kwa gundi. Gundi hiyo hufyonza unyevu. Ikilegea, utepe hunata, hubambuka unga na sauti hufifia. Visiwa vya Lamu vina joto na hewa ya chumvi, nao unyevu ndio hualika kuvu. Kipooza hewa husaidia, lakini umeme ukikatika mara kwa mara, utepe hutanuka na kunywea, na kuzidi kudhoofika.

Hatua ya kwanza ya kuziokoa ni orodha. Kila kaseti ipewe namba, na daftarini yaandikwe jina la mtunzi, mghani, mahali, mwaka na hali ya utepe. Vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti vivunjwe, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Hatua ya pili ni kuhamishia sauti katika kompyuta. Kichwa cha mashine kisafishwe kwanza, kisha kaseti ichezwe mfululizo hadi mwisho. Faili ihifadhiwe bila kubanwa, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kubana hakirudi. Kaseti yenyewe isitupwe.

Hatua ya tatu ni nakala. Kanuni inayofuatwa duniani ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa Lamu, mbali si Manda wala Pate, kwani visiwa hivyo vina bahari na hali ya hewa ile ile. Ni Mombasa, Nairobi au ng'ambo. Njia hiyo si ngeni mjini humo. Hati za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mpango huo huacha hati asilia nchini mwake na kuhifadhi nakala za kidijitali kwingineko.

Taasisi kubwa nazo hazijaacha kanda. Kanda za kompyuta aina ya LTO zilianza mwaka 2000 zikibeba jigabaiti 100; kizazi cha tisa, cha mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Sifa yake kuu ni kwamba ukanda uliotolewa mashinini hauguswi na virusi wala hitilafu ya mtandao. Februari 2011, kasoro ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, hata katika nakala zilizokuwa kwenye diski. Kampuni ya Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda.

Hata hivyo, kanda hizo nazo zahitaji uangalizi. Mashine ya LTO ya kizazi cha nane husoma kizazi chake na cha saba tu. Ukanda wa kizazi cha sita hausomeki humo. Kwa hiyo kumbukumbu sharti zihamishwe kila baada ya miaka kadhaa, kabla mashine ya zamani haijatoweka.

Hatua ya mwisho, na ndiyo husahauliwa zaidi, ni majaribio. Angalau mara moja kwa mwaka, faili chache zichaguliwe, zirejeshwe kutoka katika kila nakala na kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Watu wawili au zaidi wajue orodha ilipo na jinsi ya kufungua faili, ili kumbukumbu zisimfuate mtunzaji mmoja kaburini. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu; na mghani akishafariki na ukanda wake ukaharibika, hakuna pengine pa kuipata sauti yake.