Mto Ngong na Mipaka ya Serikali: Funzo kutoka Viwandani

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu maudhui ya uharibifu wa mazingira huishia kuorodhesha: moshi, takataka, ukataji wa miti. Aghalabu husahau swali la maadili lililo nyuma ya orodha hiyo. Je, ardhi na maji ni vya nani, na serikali ina uwezo wa kiasi gani juu yake? Hebu tulifuatilie swali hili katika eneo la viwanda la Nairobi, yaani Industrial Area, na mitaa ya Eastlands inayopakana nalo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na viwanda vikaja kujengwa kandokando yake. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa misingi ya rangi. Wazungu walitengewa miinuko ya magharibi yenye miti na hewa safi, ilhali Waafrika walitengewa tambarare ya mashariki. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha zikafuata Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na nyinginezo. Kwa hivyo, mfanyakazi aliwekwa karibu na kiwanda, na karibu na uchafu wake pia. Baada ya uhuru watu waliongezeka kuliko nyumba. Waliokosa makao walijijengea vibanda vya mabati Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mto Ngong unapita huko, nao hupokea majitaka ya viwanda na ya vibanda visivyo na mabomba ya kuyaondoa.

Hapa tusimpendelee yeyote. Mkazi anayetupa taka mtoni naye anauchafua mto. Hata hivyo, mwenye kiwanda anaweza kuchagua kuyasafisha maji yake kabla ya kuyamwaga. Mkazi asiyejengewa choo wala bomba hana uchaguzi wa aina hiyo. Kosa linaonekana sawa, lakini uwezo wa kuliepuka si sawa. Mizani ya maadili hapana budi ipime yote mawili.

Sheria zipo. Sheria ya mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na mamlaka ya kuisimamia, NEMA, ikaanza kazi mwaka 2002. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira tangu 2008, alionyesha kuwa serikali ikitaka, sehemu ya Mto Nairobi inaweza kusafishwa. Mwaka 2010 Katiba mpya ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia.

Kisha tazama yaliyotendeka. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye bohari ya Kenya Pipeline Company na kuingia mtaroni katika kijiji cha Sinai, karibu na barabara ya Lunga Lunga. Watu walikwenda kuyachota kwa ndoo na madebe. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wapo waliosema ni tamaa iliyowaua. Msomaji, kabla hujakubaliana nao, jiulize ni nani aliyepaswa kuyazuia mafuta yasivuje, na ni nani aliyepaswa kuhakikisha kuwa watu hawaishi palipo na hatari hiyo.

Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji, na wenyeji wakashirikishwa kusema wanataka barabara, maji na vyoo vipitie wapi. Lakini mwaka 2021, katika Mukuru kwa Njenga, matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu ili kupisha barabara. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, wakazi wa kando ya mito waliamrishwa kuhama, na vibanda vikabomolewa Mukuru na Mathare. Kumwondoa mtu kwenye njia ya mafuriko ni wajibu wa serikali. Kumwondoa bila kumwonyesha pa kwenda si kumwokoa. Ni kuihamisha hatari.

Ni wapi basi ulipo mpaka wa serikali? Katiba inajibu kwa dhana ambayo Mswahili ameijua tangu jadi: amana. Kwa mujibu wa Kifungu cha 62, mito ni ardhi ya umma, nayo serikali huishika kwa niaba ya wananchi. Aliyewekewa amana ana mipaka miwili. Haruhusiwi kuiacha iharibike, wala haruhusiwi kuitumia dhidi ya mwenyewe. Serikali inayonyamaza kiwanda kinapomwaga sumu mtoni imevuka mpaka wa kwanza. Ile inayoutaja mto huohuo kama sababu ya kumtupa mkazi nje usiku imevuka wa pili. Aghalabu husemwa kuwa serikali yenye mipaka ni serikali dhaifu. Historia ya Viwandani inaonyesha kwamba udhaifu wake umekuwa kwa wenye nguvu, na ukali wake kwa wanyonge.

Mwalimu anayefundisha tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea atalitambua jambo hili mara moja. Soko la Chapakazi linafungwa kwa amri ya Majoka, nao wanaoteseka ni wale wanaolitegemea kupata riziki. Wanafunzi wakumbushwe kuwa Sagamoyo si mahali pa kubuni tu palipo mbali nao.

Kwa hivyo mtahiniwa, ukikutana na swali la mazingira, usikomee kwenye orodha ya taka. Eleza ni nani aliyechafua, ni nani aliyeweza kuzuia, ni nani aliyelipishwa, na kama mwenye amana aliwahi kuulizwa.