Dau la Mnyonge Katika Bandari ya Moto

Dau la mnyonge haliendi joshi, husema wahenga. Likienda joshi, ni Mungu kupenda. Historia ya vita, ambayo aghalabu huandikwa kwa majina ya majemedari na manowari, huishika nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuisahau ya pili. Habari za Hoga zaikumbusha.

Hoga ilikuwa tagi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, chombo cha mita 30 ambacho kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli kubwa ziingiapo na zitokapo gatini. Iliundwa New York, ikashushwa majini tarehe 31 Desemba 1940, na jina lake, katika lugha ya Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, maana yake ni samaki. Mwaka uliofuata ilikuwa kazini Pearl Harbor, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii.

Asubuhi ya Jumapili, 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliishambulia bandari hiyo. Manowari Arizona ililipuka, wakafa watu wake 1,177. Manowari Nevada, yenye urefu wa mita 177, ilijinasua ikaelekea baharini huku ikiwaka, na mabomu yakaiandama. Lau ingezama mlangoni mwa bandari, meli nyingine zingefungiwa ndani. Ilipokwama kandokando ya mlango huo, Hoga na tagi nyingine ziliiendea, zikaisukuma mpaka ng'ambo, ikapweleshwa mahali pasipozuia njia. Hoga ikamwagia maji moto wa Nevada, kisha ikaziendea manowari nyingine, na haikuondoka kwenye moto wa Arizona hadi Jumanne mchana. Februari 1942, Admirali Chester Nimitz aliwapongeza mabaharia wake kwa maandishi.

Nevada ilitengenezwa, na Juni 1944 mizinga yake ilisikika katika pwani ya Normandy. Vita vilipokwisha haikuhitajika tena. Mwaka 1948 wanamaji wa Marekani wenyewe waliifanya shabaha ya mazoezi, wakaizamisha katika bahari ya Hawaii, si mbali na pale ilipookolewa. Mwaka huohuo Hoga ilikabidhiwa bandari ya Oakland, California, iwe chombo cha zimamoto. Ikazima moto wa raia kwa zaidi ya miaka 40.

Tangu 2015 Hoga imetia nanga katika mto Arkansas, kwenye jumba la makumbusho la North Little Rock, mbali na bahari. Jirani yake ni nyambizi Razorback, iliyokuwapo katika ghuba ya Tokyo tarehe 2 Septemba 1945, Japani ilipotia saini ya kusalimu amri. Mwanzo wa vita vile kwa Wamarekani na mwisho wake vyaelea ubavu kwa ubavu. Kilicholetwa kushuhudia mwanzo si manowari. Ni chombo kilichokwenda kuzima.